Pima Chakula Kabla ya Kununua Kichujio

Kwenye boksi la karibu kila kichujio cha akwaria huandikwa namba moja kubwa, nayo ni ya lita. Hiki cha lita 200, kile cha lita 400, kingine cha hadi lita 1,000. Anayetaka kufuga matumbawe hupima urefu, upana na kimo cha tangi lake, huongeza kidogo kwa tahadhari, hulipa, na huamini kwamba suala la uchujaji limekwisha. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo haimsaidii sana. Sehemu kubwa ya uchafu wa tangi huingia kwa mkono wa mfugaji mwenyewe, kila siku, anapowalisha samaki wake. Kwa hiyo mfumo wa kuchuja uchaguliwe kwa kujibu maswali mawili: ni gramu ngapi za chakula zitaingia kwa siku, na kilichomo ndani ya chakula hicho kitatoka kwa njia ipi. Matangi mawili ya lita 400, moja likiwa na samaki wawili wadogo wa anemoni na jingine likiwa na kundi la kangaja walafi, yanahitaji mifumo tofauti kabisa, hata kama muuzaji atawapa wenye matangi hayo kifaa kilekile.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoibeba hoja. Chukua tangi la lita 400 lenye samaki kumi na wawili wanaopewa gramu 5 za chakula kikavu kwa siku. Chakula cha namna hiyo kwa kawaida huwa na protini ya karibu asilimia 45, na asilimia 16 hivi ya uzito wa protini ni naitrojeni. Hapo tunapata gramu 0.36 za naitrojeni kwa siku. Fosforasi tuikadirie kuwa asilimia 1 ya chakula, yaani gramu 0.05. Samaki aliyekwisha kukua hubakiza mwilini sehemu ndogo tu ya hivyo vyote. Kilichobaki hutoka kama amonia kupitia matamvua, na kama mkojo na kinyesi. Naitrojeni yote hiyo ikigeuka nitreti na isitoke, nitreti itapanda kwa miligramu 4 kwa lita kila siku. Fosforasi nayo ikigeuka fosfeti, fosfeti itapanda kwa miligramu 0.38 kwa lita. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga nitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1. Kwa mujibu wa hesabu hii, mlo wa siku moja unatosha kuipandisha fosfeti karibu mara nne ya kikomo cha juu, na nitreti itavuka kikomo chake siku ya tatu. Sasa waondoe samaki wote isipokuwa wawili wanaokula nusu gramu, na kila namba hapo inagawanywa kwa kumi. Lita ni zilezile, lakini kazi ya kichujio imepungua mara kumi.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo la pili, ambalo maelezo ya kwenye boksi huwa hayaligusi: naitrojeni na fosforasi haziondoki kwa njia moja. Amonia ni sumu, na katika maji ya bahari yenye pH ya 8.2 ni kali zaidi kuliko katika maji baridi ya mtoni, kwa kuwa sehemu yake iliyo sumu huongezeka takriban mara kumi kila pH inapopanda kwa alama moja. Bakteria wanaohitaji oksijeni huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti. Mahali ambapo oksijeni imepungua sana, bakteria wengine huigeuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda juu ya maji na kupotelea hewani. Hivyo naitrojeni ina mlango wa hewani, na mlango huo hufunguka wenyewe mazingira yakiwa sahihi. Fosforasi haina mlango wa namna hiyo. Kila gramu yake iliyoingia hubaki tangini mpaka mtu aitoe kwa mkono: ndani ya kitambaa kilichochafuka, ndani ya mwani uliovunwa, ndani ya povu lililomwagwa, ndani ya maji yaliyobadilishwa, au ikiwa imenaswa kwenye chembechembe za oksidi ya chuma. Mfumo wowote wa kuchuja upimwe kwa swali hili: unafungua milango mingapi, na ya vitu gani?

Historia ya ufugaji huu inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kwa kipimo hicho. Bamba lililowekwa chini ya changarawe, ambalo lilitawala kwa miongo kadhaa, lilivuta maji kupita kwenye mawe madogo yaliyojaa bakteria na likaimaliza amonia vizuri. Kisha vikaja vichujio vya matone, ambamo maji hunyunyizwa juu ya vipira vya plastiki vilivyo hewani. Makala za George Smit za mwaka 1986 zilivieneza sana Marekani. Hivyo navyo viliimaliza amonia, tena kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa bakteria walipata oksijeni tele. Lakini mifumo yote miwili iliishia kwenye nitreti. Ilibadilisha umbo la uchafu bila kuutoa, na wafugaji wakashangaa kuona samaki wanaishi huku matumbawe yenye mifupa migumu yakidhoofika na mawe yakifunikwa na mwani. Kwa tangi la samaki watupu, kichujio cha matone bado ni chaguo zuri, kwa kuwa samaki wengi huvumilia nitreti ambayo matumbawe hayaivumilii. Kosa ni kukihamishia kwenye tangi la matumbawe kwa sababu tu kimeandikwa lita nyingi.

Jibu lilikuwa limekwisha kuonekana mapema zaidi, Asia. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na uhai wake, na viputo vya hewa. Baadaye wafugaji wa Berlin, akiwamo Dietrich Stüber, waliungana na mawazo ya Peter Wilkens wakajenga mfumo wa mawe hai, mashine yenye nguvu ya kutoa povu, na taa kali. Huko Monaco, Jean Jaubert aliweka tabaka nene la mchanga juu ya nafasi ya maji yaliyotulia ili nitreti igeuke gesi humo. Washington, Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian alitumia zulia la mwani lililomulikwa kwa taa na kukwanguliwa mara kwa mara. Watu hawa walibishana sana, na wafuasi wao walibishana zaidi. Lakini nikiiangalia mifumo yao kwa hesabu ya milango, naona walikubaliana kuliko walivyodhani. Wote waliacha kutegemea kifaa kinachoishia kwenye nitreti, na wote walitumia uhai uliomo tangini kufanya sehemu ya kazi.

Ndiyo maana naona mawe yenye vitundu yahesabiwe kuwa kichujio cha kwanza, na vifaa vya umeme vihesabiwe baada yake. Jiwe moja lina mazingira mawili: uso wake unapata oksijeni na unaimaliza amonia, ilhali ndani ya vitundu oksijeni imepungua na nitreti inageuka gesi. Pia mna sifongo na wadudu wengi wasioonekana kwa urahisi. Utafiti wa Jasper de Goeij na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba sifongo za miambani hufyonza mabaki yaliyoyeyuka majini na kuyageuza chembe ambazo wanyama wengine wanaweza kuzila. Bila wao, chakula hicho kingepotelea baharini. Katika tangi, kazi hiyo haifanywi na kifaa chochote cha dukani. Hata hivyo, mawe yana mipaka. Hayaondoi fosforasi. Kinyume chake, chokaa yake huishika fosfeti maji yanapokuwa nayo nyingi, kisha huiachia polepole yanapopungukiwa, ndiyo sababu tangi lililochafuka kwa mwaka mzima halisafishiki kwa wiki moja. Na si lazima mawe yatoke baharini. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na kung'oa mwamba ili kuujenga upya sebuleni ni hasara tupu. Mawe makavu au ya saruji yenye vitundu hufanya kazi ileile, mradi mfugaji awe na subira ya miezi kadhaa wakati bakteria wanajenga makao.

Mashine ya kutoa povu, ambayo wengi huiita skima, ndiyo hununuliwa kwa matumaini makubwa kupita yote. Kanuni yake ni rahisi: baadhi ya molekuli za mabaki ya protini na mafuta hupenda kukaa mpakani mwa maji na hewa, hivyo hushika viputo, hupanda navyo, na humwagwa zikiwa povu la kahawia. Maji ya chumvi husaidia kwa kuwa viputo vyake hubaki vidogo bila kuungana, jambo ambalo maji baridi hayaliwezi. Faida yake kubwa ni kwamba hutoa mabaki kabla hayajaoza, yaani naitrojeni na fosforasi hutoka pamoja, na wakati huohuo maji hupata oksijeni. Lakini Ken Feldman na wenzake wa chuo kikuu cha Pennsylvania State walipopima mashine kadhaa mwaka 2009, waliona kwamba ziliondoa kati ya moja ya tano na theluthi moja hivi ya kaboni yote ya mabaki iliyopimika majini, na tofauti kati ya chapa hazikuwa kubwa kama matangazo yanavyodai. Sehemu iliyobaki haishiki viputo kabisa. Kwa hiyo kununua mashine mara mbili ya ukubwa hakuleti usafi mara mbili. Kilichosalia huhitaji njia nyingine, kwa mfano mkaa amilifu, ambao hufyonza mabaki yanayoyapa maji rangi ya manjano.

Wapo wanaosema mwani unatosha. Hoja yao ina nguvu, hasa kwa msomaji wa pwani aliyeuona mwani ukikua kwenye kamba za wakulima wa Zanzibar bila mbolea yoyote, ukila kile kilichomo majini tu. Tangi dogo la pembeni lenye mwani wa nyuzi na taa inayowaka usiku hupunguza nitreti, huongeza oksijeni saa ambazo tangi kubwa liko gizani, na huzuia pH isishuke sana kabla ya alfajiri. Tatizo liko kwenye uwiano. Alfred Redfield alionyesha kwamba viumbe wadogo wanaoelea baharini huwa na atomi 16 za naitrojeni kwa moja ya fosforasi, na chakula chetu cha mfano kinakaribia uwiano huohuo. Lakini Atkinson na Smith, walipokusanya vipimo vya mimea ya sakafu ya bahari mwaka 1983, walipata wastani wa 30 kwa 1. Mwani ukiimaliza naitrojeni yote ya gramu 0.36, utakuwa umeondoa gramu 0.027 hivi za fosforasi kati ya 0.05. Ongeza kwamba mawe nayo yanaipeleka naitrojeni hewani, na matokeo yanatabirika: nitreti inaisha, mwani unasimama kukua kwa njaa, na fosfeti inaendelea kupanda. Anayeona hali hiyo huilaumu taa au aina ya mwani, ilhali chanzo chake ni uwiano.

Basi fosforasi itafutiwe mlango wake wenyewe. Wa bei nafuu kuliko yote ni kitambaa cha kunasa chembe, chenye matundu ya maikroni 100 hadi 200, kinachobadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Kinyesi na chakula kilichobaki vikitolewa kabla ya kuoza, naitrojeni na fosforasi hutoka pamoja. Kitambaa hichohicho kikiachwa wiki mbili hugeuka mahali pa kuozeshea, na hapo ni afadhali kisingekuwapo. Wa pili ni oksidi ya chuma ya chembechembe, ambayo hunasa fosfeti moja kwa moja. Inafanya kazi haraka, pengine haraka mno, na matumbawe hudhurika fosfeti inaposhuka ghafla. Ianze kwa kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye chupa. Wa tatu ni kuwalisha bakteria kwa siki au pombe kali kwa matone. Bakteria hao hujenga miili yenye fosforasi nyingi kuliko ya mwani, kisha mashine ya povu huwatoa. Njia hii ina nguvu, lakini bakteria wanaozaliana haraka hula oksijeni, na kosa la kipimo linaweza kuua samaki usiku mmoja. Siipendekezi kwa anayeanza.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza: kama uchafu ndio adui, kwa nini tusiweke kila kifaa tukaushushe hadi sifuri, kama ilivyo kwenye miamba ya bahari kuu? Pingamizi hili linachanganya kiwango na mtiririko. Maji ya mwambani yana nitreti na fosfeti kidogo sana, lakini mkondo huleta mchana na usiku maji mapya yenye viumbe wadogo wa kuliwa. Tangi halina mkondo huo. Likisafishwa hadi sifuri, matumbawe hukosa vyote viwili. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa chuo kikuu cha Southampton walichapisha ushahidi kwamba matumbawe yenye nitreti nyingi lakini yaliyonyimwa fosfeti hupauka kwa urahisi zaidi yanapokutana na joto na mwanga mkali, kwa kuwa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake hushindwa kujijenga. Wafugaji nao wameona mara nyingi utando wa kahawia wa dinoflajelata ukifunika mchanga baada ya nitreti na fosfeti kumalizwa. Kichujio kikubwa kupita kiasi kina madhara yake, na kifaa kisichoweza kupunguzwa nguvu ni hatari kama kile kisichotosha.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa mapokeo: badilisha maji tu, vifaa vya nini? Hesabu ijibu. Katika tangi letu la gramu 5, nitreti ya wiki ni miligramu 28 kwa lita. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, na bila mlango mwingine, kiwango kitaacha kupanda pale tu asilimia 10 yake itakapolingana na miligramu 28, yaani kwenye 280. Kwamba matangi mengi hayafiki huko ni ushahidi wa kazi inayofanywa na mawe, si ya ndoo. Lakini pingamizi hili lina ukweli kwa mtu wa aina moja: anayelisha kidogo na anayeishi karibu na bahari safi. Gramu 1 ya chakula katika lita 400, na nusu ya maji ikibadilishwa kila wiki, huiweka nitreti kati ya miligramu 5.6 na 11.2 kwa lita hata kama mawe hayafanyi chochote. Mkazi wa Mafia, Lamu au Muscat anayeweza kuchota maji wakati bahari inajaa, mbali na mito, bandari na mabomba ya maji taka, na asiyechota baada ya mvua za masika, ana mfumo wa kuchuja ambao mkazi wa Nairobi anayenunua chumvi kwa kilo hawezi kuugharamia. Hata hivyo, mkazi huyo wa pwani naye aangalie maji ya kuongezea. Joto hukausha lita kadhaa kwa siku. Akijazia lita 5 za maji ya kisima yenye nitreti ya miligramu 20 kwa lita, anaongeza robo miligramu kwa lita kila siku bila kumlisha samaki hata mmoja.

Pingamizi la tatu ni la umeme, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki huenda ndilo zito kuliko yote. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 27 hushika oksijeni ya miligramu 6 na ushei tu kwa lita, pungufu ya maji baridi ya mtoni. Umeme ukikatika, kichujio cha mkebe uliofungwa huwa chumba kisicho na hewa: bakteria wake humaliza oksijeni, huanza kufa, na umeme unaporudi maji machafu yaliyolala humo husukumwa moja kwa moja kwenye tangi. Mawe yaliyomo tangini hayana hatari hiyo kwa kiwango hicho. Pampu ndogo ya hewa yenye betri huyaweka hai pamoja na samaki. Kwa hiyo mahali penye mgao wa umeme, swali la jinsi mfumo unavyoharibika lina uzito sawa na la jinsi unavyofanya kazi. Fedha za kununua mashine kubwa zaidi ya povu zingefaa kwanza kununua pampu hiyo ya betri.

Ukiyaweka yote pamoja, utaratibu wa kuchagua unajipanga. Amua kwanza samaki unaotaka kufuga, kisha pima kwa mizani ya jikoni chakula chao cha wiki nzima na ugawanye kwa saba. Chini ya gramu 1 kwa lita 400, mawe ya kutosha, mzunguko mzuri wa maji, kitambaa kinachobadilishwa na ubadilishaji wa maji vinaweza kutosha kwa matumbawe laini na mengi ya magumu. Kati ya gramu 1 na 3, ongeza mashine ya povu ya wastani. Kuelekea gramu 5, utahitaji pia mwani au njia nyingine ya nitreti, na hapo hapo uandae oksidi ya chuma kwa ajili ya fosfeti itakayobaki. Mipaka hii ni makadirio yangu yanayotokana na hesabu hizo, na vipimo vya kila wiki ndivyo vitakavyoisahihisha. Nitreti ikishuka huku fosfeti ikipanda, usinunue mwani zaidi. Zote zikipanda, punguza chakula au ongeza mlango. Zote zikikaribia sifuri, zima kifaa kimoja. Kwa sababu hiyo, kama kuna kitu kimoja cha kutumia fedha bila kusita, ni tangi la chini lenye nafasi tupu, ambamo kifaa kinaweza kuingizwa au kutolewa bila kuvunja mfumo mzima. Idadi ya samaki itabadilika na matumbawe yatakua, na mfumo unaoweza kubadilika pamoja nayo utadumu kuliko ule mkubwa ulionunuliwa siku ya kwanza kwa kuhesabu lita.